Mpunga Wenye Jene

Katika yote aliyosomea Sumaili Roger, lililomkaa zaidi ni kusubiri. Alikuwa monitere wa kilimo hapa Kasongo, yaani mtumishi wa serikali ambaye kazi yake ni kwenda mashambani na kuwaambia watu mambo wanayoyajua, na mara mojamoja jambo wasilolijua. Umri wake ulikuwa miaka hamsini na minane. Miguu yake ilikuwa na zaidi. Aliomba kustaafu mara tatu. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa pongezi za kuteuliwa kuwa monitere, cheo alichokuwa nacho kwa miaka ishirini na mitatu. Ya tatu bado ilikuwa njiani, na Sumaili, aliyeijua njia hiyo wakati wa mvua, hakuona la kuilaumu.

Alikuwa mkatoliki wa kubatizwa na wa ndoa ya kanisani, jambo ambalo jina lake lilimlazimu kulieleza kila Ramadhani, majirani walipomwita kufuturu. Alilieleza, kisha akaenda kufuturu.

Elimu yake ilikuwa na shimo katikati. Mwaka wake wa mwisho katika shule ya kilimo, mwalimu wa elimu ya urithi aliandika ubaoni kichwa cha sura ya saba: namna jeni zinavyoamshwa na kunyamazishwa. Wanafunzi wakakiandika, wakapiga mstari chini yake kwa rula, kengele ikalia. Wiki iliyofuata vita vilifika na mwalimu akaondoka kwa miguu kuelekea magharibi. Kwa hiyo Sumaili alijua kwamba kila chembe ya mmea ina maagizo yote ya mmea mzima, akajua na maagizo hayo yanaitwaje, lakini kwa miaka mingi hakujua ni nani anayeyapa ruhusa ya kusema. Sura ya saba aliimaliza akiwa mtu mzima, kwenye kivuko cha Lualaba, baki, yaani feri ya pale, lilipoharibika na mtafiti mmoja wa mimea akakwama ng'ambo hii siku tatu. Mtafiti hakuwa na la kufanya, Sumaili hakuwa na pa kwenda. Ilikuwa shule nzuri kuliko zote alizowahi kusoma, ukiondoa mbu.

Mwishoni mwa mwezi wa nne Kassimu alimpigia simu.

“Monitere, uko wapi?”

“Kwenye kiti.”

“Toka kwenye kiti. Mama Mathilde ametuchanganyia mbegu.”

Kassimu alikuwa mwenyekiti wa asosiasio ya wakulima wa mpunga katika kijiji kimoja kwenye barabara ya Kabambare. Alikuwa amechimba dhahabu Salamabila miaka kumi na mmoja, akarudi na mgongo mbovu na imani kwamba kila kitu duniani ama ni safi ama kimechanganywa. Kwa mtu wa namna hiyo, kupewa kusimamia mbegu ni kama kupewa parokia.

Mpunga wao uliitwa mulomo-nyekundu. Ulikuwa mpunga wa wazee, mrefu, usio na haraka, na kila punje yake ilikuwa na ncha nyekundu kwenye ganda, kama mdomo uliopakwa rangi. Watu hawakununua mbegu sokoni. Kila mwaka mtu mmoja alilima shamba la mbegu kwa ajili ya wote, na mtu huyo, tangu zamani, alikuwa wa ukoo wa Mathilde. Wakati wa vita mama yake alikimbilia msituni na familia nzima; wakala majani wiki sita, na wiki zote sita mbegu ilikuwa imefungwa kwenye kitenge kiunoni mwake, haikuguswa. Mathilde alipewa kitenge kile pamoja na kazi. Sasa alikuwa mjane mwenye miaka sitini na kitu, na watu hawakumwita kwa jina. Walimwita Mama Mbegu.

Na sasa theluthi ya shamba lake ilikataa kutoa maua.

Sumaili alifika kesho yake, nyuma ya pikipiki, mgongo wake ukiwa umehesabu kila shimo. Shamba lilikuwa karibu na barabara, likipakana na kituo cha afya. Sehemu kubwa ilikuwa imekwisha kutoa masuke, midomo myekundu imejaa, mingine imeanza kuinama. Lakini upande wa kituo, mpunga ulisimama kijani kibichi, mrefu, mnene, majani matupu.

“Angalia mwenyewe,” Kassimu alisema. “Ile kule ni mupunga. Hii hapa ni nyasi yenye majivuno.”

Mathilde alikuwa amesimama kwenye ukingo na jembe lake. Alimsalimia monitere kwa mikono miwili, kama mtu anayemsalimia daktari baada ya kuona sura yake.

“Karibu, Monitere. Usikanyage pale, kuko matope. Mimi nilimwaga mbegu kutoka kitunga moja. Siku moja. Mukono moja, huu.”

“Kitunga moja inaweza kubeba mambo mbili,” Kassimu alisema.

“Sema tu, Kassimu. Sema ile watu wanasema kisimani.”

Kassimu alitazama pembeni. Waliyosema kisimani yalikuwa kwamba mwaka wa jana ulikuwa mgumu, kwamba mjane ana wajukuu wanne, na kwamba yawezekana mbegu safi ilipita kwenye sufuria na pengo likazibwa na mpunga wowote wa sokoni. Hakuna aliyeyasema mbele yake. Heshima kwake ilikuwa bado kubwa, ila ilikuwa imehamia mbali kidogo.

“Kesho komite inakaa,” Kassimu alisema. “Kama ni mbegu mbili, shamba tunang'oa, na kazi ya mbegu inaenda kwa mutu mwingine. Monitere anaweka saini. Ni sheria yetu, mama, haiko roho mbaya.”

“Roho mbaya inakuwaga na sheria,” Mathilde alijibu.

Sumaili hakutaka kuweka saini. Hakutaka pia kutoiweka. Alitaka kukaa, na mahali pekee pa kukaa palikuwa chini ya mchikichi mmoja uliosimama mpakani, kati ya kituo cha afya na shamba. Akakaa, akavua kiatu cha kushoto, akatazama mbele kwa macho ya mtu asiyetafuta kitu.

Ndipo akauona. Katikati ya kijani kile kulikuwa na mstari wa mpunga uliochanua. Ulikuwa mwembamba hapo karibu na miguu yake, ukipanuka kadiri ulivyokwenda mbali, umenyooka kama uliopimwa kwa kamba. Midomo myekundu, safu moja, ndani ya majani mabubu. Aliwaza mbolea; hakuna mtu aliyeweka mbolea kijijini tangu wakoloni. Aliwaza mfereji wa zamani, hakuna. Akageuza shingo polepole kuufuata mstari kwa nyuma. Ulianzia kwenye shina la mchikichi alioegemea. Na nyuma ya mchikichi, kando ya mlango wa wodi ya wazazi, ilisimama nguzo yenye taa ya jua.

Hakufurahi. Kwa mtumishi wa serikali, kugundua jambo ni kazi ya ziada.

“Ile taa iliwekwa lini?” aliuliza.

Muuguzi wa kituo, Aurélie, alikuwa akianika mashuka. “Mwezi wa pili, mradi mumoja ulituletea. Kwa nini, Monitere? Imekosa nini?”

“Inazimika saa ngapi?”

“Haizimiki. Jua likizama inawaka yenyewe, asubuhi inalala yenyewe. Haina hata swichi. Wale watu walisema ni ya akili.”

Sumaili akavaa kiatu chake. “Mama Mathilde,” alisema, “mbegu yako ni moja. Kosa ni la taa.”

Walimtazama kama kila mkulima wa dunia anavyomtazama mtu wa serikali aliyeanza kuzeeka vibaya.

Siku ya pili komite ilikaa kwenye mabenchi ya kituo, watu kumi na wawili na wengine wasioalikwa. Sumaili alisimama. Hakuwa amelala vizuri. Alikuwa amepanga maneno kwa Kifaransa, kisha akayapangua.

“Kwa nini punje ya huu mpunga ina mdomo mwekundu?” alianza.

“Kwa sababu ni mulomo-nyekundu,” mzee mmoja akamjibu.

“Ndiyo. Lakini wekundu huo hauko kwenye ncha tu. Agizo la kutengeneza wekundu liko kwenye mzizi, liko kwenye jani, liko kwenye shina. Kila mahali. Ila kwenye mzizi limenyamaza, kwenye jani limenyamaza. Kwenye ncha ndipo linaposema. Ni kama kitabu cha nyimbo kanisani. Nyimbo zote mia tatu kila mtu anazo mkononi, lakini hamziimbi zote kwa pamoja.”

“Tungekufa,” alisema Aurélie.

“Mnaimba zile ambazo namba zake zimeandikwa ubaoni. Sasa, mpunga huu una agizo lingine, la kutoa maua. Liko ndani ya kila jani tangu siku ya kuota. Lakini jani haliandiki namba hiyo ubaoni mpaka lipime usiku. Linahesabu giza. Giza likiwa refu vya kutosha, tena bila kukatwa, siku nyingi mfululizo, agizo linaamka. Jani linatuma habari juu, hadi kwenye kilele cha shina: acha majani, tengeneza suke. Kukiwa na mwanga katikati ya usiku, hesabu inavunjika. Jani linasema, bado. Kesho yake tena, bado. Upande ule wa shamba taa inaumulika usiku kucha. Ndiyo maana pale kwenye kivuli cha mchikichi, ambapo taa haifiki, mpunga umechanua.”

“Na mwezi?” Kassimu aliuliza. Lilikuwa swali zuri, na Sumaili alimchukia kidogo kwa sababu hiyo. “Mwezi nao unamulika tangu Adamu.”

“Mwanga wake ni mdogo. Jani haliuhesabu.”

“Na mahindi yangu?” Aurélie aliingilia. “Iko chini ya ile ile taa na imezaa vizuri.”

“Mahindi yale hayapimi usiku. Hayana jeni ya namna hiyo.”

Hapo ndipo Sumaili alipokosea, ikiwa ni kukosea. Neno jeni alilijua kwa Kifaransa, na alilitamka kama alivyofundishwa: jène. Na huku kwetu jene ni neno la kila siku, nalo lilitoka Ufaransa, kupitia mlango mwingine. Mkwe akila mbele ya mama mkwe ana jene. Mgeni aliyeshikwa na tumbo safarini ana jene. Ni soni ile ya kutazamwa.

Watu wa mabenchi waliinama mbele. Kisha mama mmoja wa nyuma akasema polepole, kama mtu aliyepata kitu alichokuwa akikitafuta chini ya kitanda:

“Kumbe mupunga iko na jene.”

“Iko na jene ya taa!”

“Hapana, hapana,” Sumaili alisema, “jeni, ni agizo, ni kitu kidogo ndani ya—”

“Acha, Monitere, tumesikia. Wewe ungeweza? Taa inakutolea macho usiku mzima, halafu wakuambie uzae?”

“Mimi nimezalisha watoto mingi,” alisema Aurélie, “na hakuna mama anafunguka vizuri watu wakimuchungulia.”

“Na mahindi?”

“Mahindi haina jene. Inajulikana. Angalia vile inasimama.”

Walicheka, na hata Mathilde aliweka kiganja mdomoni. Sumaili alibaki amesimama na kidole hewani. Aliangalia jinsi sura ya saba, iliyomgharimu vita moja na baki moja, ilivyokuwa inapita mbele yake ikiwa imevaa nguo za mtu mwingine. Aliwaza kuwasahihisha. Aliwaza pia jinsi kusahihisha kungehitaji mchana mzima, na ubao, na goti lake. Zaidi ya hayo walikuwa wamefika palepale: mmea ni uleule, uwezo unao, ila kuna kitu cha nje kinachoukataza. Alikaa chini.

Kassimu peke yake hakucheka. “Jene ama si jene,” alisema, “mimi sijaona. Salamabila kila siku mutu anakuambia mawe yake iko na dhahabu ndani, ila haijatoka. Mbegu tutaijua kwa mulomo. Ikitoka na mulomo nyekundu, ni ile yetu. Ikitoka bila, Mama Mathilde anatoa kitenge.”

“Basi zima taa,” Mathilde alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. “Zimeni taa, muone.”

“Taa haizimwi,” alisema Aurélie, na sasa hakukuwa na mzaha. “Mama, nakuheshimu. Lakini mwaka jana nilimupokea mutoto na tochi ya simu kwenye meno. Sirudi kule. Ng'oa mupunga, ng'oa mimi pia, lakini taa inabaki.”

Wanawake wawili walitazamana, na kila mmoja alikuwa na haki, hali inayochosha kuliko zote. Wengine walianza kusema kwa pamoja. La kushangaza, ni Kassimu aliyesimama na kwenda kuitazama nguzo kutoka chini, mkono kiunoni.

“Hatuizimi,” alisema. “Tunaivalisha.”

Alileta karai la zege lililotoboka. Alilikata upande mmoja kwa patasi, akalipinda, akapanda ngazi huku akilaani mgongo wake, akalifunga kwa waya juu ya taa, upande wa shamba. Mwanga ukabaki kwa mlango, ngazi na njia ya wazazi. Aliposhuka alisema: “Siku thelathini. Siongezi.” Alikuwa mtu wa aina hiyo: anaweza kukusaidia kwa mikono na kukuhukumu kwa mdomo katika saa moja, na asione mgongano.

Sumaili hakuweka saini. Alirudi Kasongo na karatasi tupu, na kwa mwezi mzima alikuwa na hofu, kitu ambacho hakuwa nacho kwa muda mrefu na hakukikumbuka kuwa kinachosha hivyo. Mtafiti wa kwenye kivuko alizungumzia mipunga mingine, ya nchi nyingine. Hakuna aliyewahi kumhoji mulomo-nyekundu wa barabara ya Kabambare. Tena, kama mwanamke yule kweli alichanganya mbegu, basi yeye Sumaili alikuwa amemjengea utetezi kwa kivuli cha mchikichi. Kila alipompigia simu, Mathilde alisema maneno yaleyale: “Majani, Monitere. Majani tu.” Mvua nazo zilikuwa zinapungua. Mwisho wa mwezi wa tano huku kwetu mawingu hupita bila kusimama, kama magari ya wakubwa.

Siku ya thelathini walikutana tena kwenye ukingo. Kijani. Hapakuwa na suke hata moja. Watu walikuja na mapanga, wengine kwa ajili ya kazi, wengine kwa sababu mtu haendi shambani mikono mitupu. Mathilde alikuwa amekikunja kile kitenge cha mama yake, amekishika kifuani. Alikuwa amekuja nacho ili asiambiwe akakilete.

“Sasa, Monitere,” alisema Kassimu. Hakusema kwa ubaya.

Sumaili aliingia kwenye mpunga. Alichagua shina moja, kisha la pili, akayapapasa kuanzia chini kwenda juu kama anayetafuta mshipa. La tatu lilikuwa limevimba kidogo chini ya jani la mwisho. Alilikata, akalipasua kwa ukucha mbele ya Kassimu. Ndani, likiwa limekunjwa, laini, jeupe kama kitu kisichopaswa kuonekana, lilikuwepo suke.

Mama mmoja aligeuza uso. “Funga, Monitere. Funga. Iko na jene.”

“Hakuna rangi,” Kassimu alisema.

“Rangi bado. Agizo la rangi linaamka baadaye, ganda likikaribia kutoka. Nipe siku nane.”

“Nilisema siongezi.”

“Ulisema. Nami nina karatasi bila saini. Tutasimama hapa wote wawili tuzeeke.”

Kassimu alilitazama suke, akalitazama panga lake, akawatazama wanawake, ambao walikuwa wamekwisha kujisogeza, bila kuagizana, wakasimama kati ya mapanga na mpunga. Si kwa imani juu ya jani linalohesabu giza. Ila hakuna mtu anayemng'oa aliye karibu kuzaa.

“Nane,” alisema.

Masuke yalitoka siku ya sita. Sumaili aliambiwa kwa simu lakini alikuja ya nane, kwa sababu ndiyo aliyoahidi na kwa sababu ya pikipiki. Upande wote wa kituo ulikuwa umetoka, mfupi wa masuke kuliko ule mwingine, na kwenye ncha ya kila ganda palikuwa na doa dogo jekundu. Kassimu alikuwa amekwisha kupita safu kwa safu tangu asubuhi. Alikuwa amekagua kama mtu anayetamani kupata moja tu isiyofanana, na hakuipata.

Punje nyingi hazingejaa. Sumaili aliliona hilo mara moja, na Mathilde alikuwa ameliona kabla yake: mvua zilikwisha kuondoka, na maua yaliyochelewa yangetoa makapi. Theluthi ya shamba, mapepe matupu. Mwaka huu familia kadhaa zingepanda kidogo kuliko zilivyotaka. Hilo halikuwa na dawa, na hakuna aliyeliuliza.

“Ni mulomo-nyekundu,” Kassimu alisema.

“Sema kwa nguvu,” alisema Mathilde. “Kisimani hawasikii.”

Kassimu akageukia barabara, akavuta pumzi, akasema kwa nguvu. Mbwa wa kituo alibweka. Aurélie alitoka mlangoni na mikono yenye sabuni, akapiga vigelegele vifupi, akarudi kazini.

Mathilde hakupiga vigelegele. Aliketi palepale kwenye ukingo, miguu ndani ya tope, kama mtu aliyetua mzigo akagundua kwamba mabega bado yanauma. Sumaili alikaa kando yake, akatoa karatasi, akaiweka gotini. Kalamu ilikataa mara mbili, ikakubali.

“Andika kwamba mbegu iko kwa Mathilde,” alisema mjane mwenyewe.

Aliandika.

“Soma.”

Alisoma.

“Tena,” alisema Mathilde, akifumba macho. Naye Sumaili, aliyekuwa na kilomita nyingi za kurudi, akasoma tena, polepole.